Mwongozo kamili: kubadili maili kwa saa kuwa noti, na noti kuwa maili kwa saa, bila kukosea

Wakuu, hili swali linarudi kila kusi ikianza kuvuma na kila likirudi watu wanatoka wamechanganyikiwa zaidi. Mmoja anauliza simu yangu inasema upepo 25, nitoke nisitoke? Mwenzie anamjibu 25 mbona kawaida tu, kumbe huyu anasoma maili kwa saa na yule kichwani ana noti (kipimo cha spidi cha baharini), na wote wawili wanaamini wanaongea kitu kimoja. Baharini hiyo tofauti inaweza kukuletea shida kweli.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Wanaoshindwa hawashindwi na kuzidisha, wanashindwa kwa sababu wanakimbilia kalkuleta kabla hawajajua ile namba ni ya kipimo gani, alafu wakishapata jibu hawalikagui. Kwahiyo nimeandika hatua kwa hatua, na kila hatua nimeweka kwanini tunafanya hivyo, wapi watu wanakosea, na utajuaje umepatia.

Ni kwa ajili ya manahodha wa boti ndogo, wavuvi wenye GPS, vijana wa kite (wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa) kule Paje, wanafunzi wa ubaharia, na yeyote anayesoma utabiri wa upepo kwenye simu alafu anaamua mambo kwa kuutegemea.

## Vitu vya kuwa navyo

Kalkuleta ya simu inatosha. GPS yako kama unayo, karatasi ngumu na maka pen isiyofutika na maji (tutatengeneza jedwali dogo la kubandika karibu na usukani), na chati na bikari kama unataka kujifunza na upande wa umbali.

Alafu kichwani namba mbili: 1.15 na 0.87. Hizo tu. Ukitaka usahihi wa mtihani ni 1.150779 na 0.868976, ila kwa kazi ya boti hizo fupi zinatosha kabisa.

## Hatua ya 1: Jua namba uliyonayo ni ya kipimo gani

Hii ndo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndo muhimu kuliko zote.

Kabla ya kugusa chochote tafuta herufi zilizo pembeni ya namba. Ukiona kt, kts au kn hiyo ni noti. Ukiona mph hiyo ni maili za nchi kavu kwa saa. km/h au kph ni kilomita kwa saa, na m/s ni mita kwa sekunde.

Hamna herufi? Usikisie. Ingia kwenye setingi uangalie, au tafuta chanzo kingine kinachoonyesha kipimo wazi ulinganishe. Namba isiyo na kipimo ni kama bei ya shilingi mia tano bila kuambiwa ni ya Kenya au ya Tanzania, huwezi ukalipa wala kukataa.

Vyanzo tunavyovitumia sana viko hivi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kwenye tahadhari zao kwa wananchi wanatumia kilomita kwa saa, utasikia mara nyingi upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Windguru na Windy, zile za utabiri wa upepo kwenye simu, kwa kawaida zinaanza na noti, ila kwenye Windy ukigusa palipoandikwa kipimo inabadilika, na watu wengi wanaigusa bila kujua alafu wanashangaa upepo umepanda ghafla. Simu iliyosetiwa kwa Marekani au Uingereza apu yake ya hali ya hewa inakupa maili kwa saa, kwahiyo ukiletewa simu na ndugu aliyeko Minneapolis au London hakikisha umeangalia hilo kabla hujaitegemea.

Na kwa mdomo pia kuna mtego. Nahodha akisema "tunatembea maili ishirini" mara nyingi anamaanisha maili za baharini, yani noti 20. Mtu aliyeendesha gari Uingereza akisema hivyo hivyo anamaanisha maili za barabarani. Uliza.

Umefanikiwa ukiwa: unaweza kuisema namba pamoja na kipimo chake bila kusita, mfano "upepo ni maili 25 za nchi kavu kwa saa".

## Hatua ya 2: Elewa kwanini namba ni 1.15

Usiikariri tu, ielewe, ukiielewa hutoisahau.

Maili ya baharini ni mita 1852 kamili. Maili ya nchi kavu ni mita 1609.344. Ya baharini ndo ndefu. Noti moja ni kutembea maili moja ya baharini kwa saa moja. Ukigawanya 1852 kwa 1609.344 unapata 1.1508, basi hiyo ndo 1.15 yetu. Ukigeuza, 1609.344 gawanya kwa 1852, unapata 0.869, hiyo ndo 0.87.

Kwahiyo chombo kinachotembea noti 10 kinakata maili kumi *ndefu* kwa saa. Ukizihesabu kwa maili *fupi* zitakuwa nyingi zaidi, 11.5. Hapo hapo ndo siri yote ilipo: spidi ikiwa moja, namba ya noti siku zote ni ndogo kuliko namba ya maili kwa saa. Siku zote, hakuna siku inageuka. Tutaitumia kwenye hatua ya 5 kukamata makosa.

Angalizo dogo, usiseme wala kuandika "noti 10 kwa saa" ukimaanisha spidi. Saa imeshakuwemo ndani ya noti, na kwenye mtihani wa ubaharia hilo litakukata maksi.

## Hatua ya 3: Kutoka noti kwenda maili kwa saa

Zidisha kwa 1.15. Noti 20 × 1.15 = maili 23 kwa saa.

Ukiwa baharini mikono imelowa na simu iko kwenye mfuko wa plastiki, fanya kichwani hivi: chukua asilimia kumi ya namba, chukua nusu ya hiyo asilimia kumi, vyote viwili jumlisha kwenye namba ya mwanzo.

Mfano noti 30. Asilimia kumi ni 3, nusu yake ni 1.5, jumla 4.5. 30 + 4.5 = 34.5. Ukipiga kwa usahihi wote unapata 34.52, yani umepatia kwa kichwa tu.

Noti 12? 1.2 na 0.6, jumla 1.8, jibu 13.8.

Onyo: usikadirie huku unaendelea na hesabu. Watu wanageuza 34.5 kuwa 35, alafu hiyo 35 wanaigeuza tena kuwa kilomita, alafu wanakadiria tena, mwisho wa safari namba haifanani na ya mwanzo. Kadiria mara moja tu, mwisho.

## Hatua ya 4: Kutoka maili kwa saa kwenda noti

Hapa ndo wengi wanaanguka kwahiyo tulia.

Zidisha kwa 0.87, au gawanya kwa 1.15, ni kitu kile kile. Maili 30 kwa saa × 0.87 = noti 26.1.

Kosa linalojirudia ni hili: mtu ameshajua kwenda ni kujumlisha asilimia 15, basi kurudi anatoa asilimia 15. Inaonekana sawa lakini sio sawa. Jaribu mwenyewe, noti 100 ni maili 115 kwa saa. Sasa rudi kwa kutoa asilimia 15 ya 115, ambayo ni 17.25. Unapata 97.75. Noti mbili na zaidi zimepotelea wapi? Zimepotea kwa sababu asilimia 15 ya namba kubwa ni kubwa kuliko asilimia 15 ya namba ndogo uliyoanza nayo.

Kurudi unatoa asilimia 13. Kichwani inakuwa hivi: chukua asilimia kumi, chukua theluthi ya hiyo asilimia kumi, vyote viwili *toa*.

Maili 30 kwa saa: asilimia kumi ni 3, theluthi yake ni 1, jumla 4. 30 − 4 = 26. Jibu halisi ni 26.07.

Maili 60 kwa saa: 6 na 2, jumla 8, jibu 52. Halisi ni 52.1. Unaona ilivyokaribu.

Na yule jamaa wa mwanzoni aliyeuliza kuhusu upepo wa 25 kwenye simu? Kama ilikuwa maili kwa saa: 2.5 na takribani 0.8, jumla 3.3, jibu noti 21.7. Aliyemjibu kichwani alikuwa na noti 25, ambazo ni maili karibu 29 kwa saa.

Umefanikiwa ukiwa: unachukua namba, unaigeuza kwenda, unairudisha, na inarudi pale pale ilipoanzia au inapishana kwa nukta chache tu. Fanya hilo jaribio mara kadhaa kabla ya kuendelea. Ikirudi pungufu sana ujue umetoa 15 badala ya 13.

## Hatua ya 5: Kagua jibu kwa mpangilio wa ukubwa

Kwa spidi moja, namba zinajipanga hivi kuanzia ndogo:

noti → maili kwa saa → kilomita kwa saa

Mfano hai: 20, 23, 37. Hizo tatu ni spidi ile ile. Ukizikariri hizo tatu peke yake una mizani ya kupimia hesabu yoyote. Ukigeuza maili kuwa noti na namba *ikapanda*, umezidisha pale ulipotakiwa kugawanya, rudi hatua ya 4. Huhitaji mwalimu wa kukuambia.

Mita kwa sekunde ni ndogo kuliko zote, noti ni karibu mara mbili yake (mara 1.94). Upepo wa mita 10 kwa sekunde ni noti 19 na kitu.

Sasa kwanini tunasumbuka na tofauti ya asilimia 15? Kwa sababu upepo haukandamizi tanga kwa kulingana na spidi, unakandamiza kwa mraba wa spidi. 1.15 mara 1.15 ni 1.32. Maana yake ukisoma noti 30 ukadhani ni maili 30 kwa saa, nguvu halisi inayopiga tanga, au kite, au turubai la boti yako ni asilimia 32 zaidi ya uliyojiandaa nayo. Mtu wa kite anachagua saizi ya kite kwa namba hiyo, mtu wa ngalawa anaamua apunguze tanga au asipunguze. Theluthi nzima ya nguvu sio kitu cha kupuuza, na ndo sababu nimekaa nikaandika yote haya.

## Hatua ya 6: Kilomita zikiingia katikati

Kwa huku kwetu huwezi kuzikwepa maana tahadhari zinakuja kwa kilomita.

Noti kwenda kilomita zidisha kwa 1.852, na kurudi gawanya kwa hiyo hiyo. Kichwani kurudi: gawa kwa mbili, alafu ongeza karibu asilimia 8 ya ulichopata. Kilomita 40 kwa saa: nusu ni 20, ongeza 1.6, noti 21.6. Maili kwenda kilomita zidisha kwa 1.61.

Ona sasa "arobaini" inavyoweza kuwa vitu vitatu tofauti kabisa:

- Kilomita 40 kwa saa = noti 21.6. Upepo mkali, boti ndogo iwe na tahadhari kubwa.
- Maili 40 kwa saa = noti 34.8. Hapo umeshavuka noti 34, kiwango ambacho dunia nzima mabaharia wanakihesabu kuwa dhoruba, nguvu ya 8 kwenye kipimo cha Beaufort, kile kinachopanga upepo kwa madaraja ya nguvu.
- Noti 40 = kilomita 74 kwa saa. Bado ni nguvu ya 8, ukingoni kabisa kuingia ya 9.

Mtu akikutumia meseji "kesho upepo 40" bila kipimo, muulize kabla hujajibu sawa. Na kinyume chake pia kipo, mtu anaona tahadhari inasema 40 alafu Windy inasema 22 anasema hawa wamekosea mmoja. Hawajakosea, wanasema kitu kimoja kwa vipimo viwili.

## Hatua ya 7: Umbali na spidi viwe vya ukoo mmoja

Ukishaweza kubadili spidi bado kuna shimo moja, na hili linamaliza mafuta ya watu.

Kanuni: noti inakwenda na maili za baharini. Maili kwa saa inakwenda na maili za nchi kavu. Usizichanganye kwenye hesabu moja.

Chukulia safari ya Dar es Salaam kwenda Zanzibar mjini, ambayo ni takribani maili 40 za baharini. Skrini inaonyesha 20 na we unaamini ni noti. 40 gawanya kwa 20, saa mbili. Tuseme mashine zako zinakunywa lita 60 kwa saa, unaweka lita 120 na akiba kidogo.

Kumbe ile 20 ilikuwa maili kwa saa. Spidi yako halisi ni noti 17.4. 40 gawanya kwa 17.4 ni saa 2.3, yani saa mbili na dakika 18, na mafuta yanayohitajika ni lita 138. Lita 18 zimetoka kwenye akiba, na hapo bado hujakutana na mkondo wala bahari chafu. Kama akiba yenyewe ilikuwa dumu moja la lita 20, umebaki na lita mbili.

Kosa la upande wa pili linafanana. Mtu anapima umbali kwenye ramani ya simu, inamwambia maili 46, anagawanya kwa noti 20 anapata saa mbili na dakika 18, anashangaa kila siku anafika mapema. Ramani za simu zinatoa maili za nchi kavu au kilomita. Maili 46 za nchi kavu ndo zile zile 40 za baharini. Google Earth ina kipengele cha kuchagua maili za baharini kwenye kupima, tumia hicho.

Kwenye chati ni rahisi zaidi: dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini. Fungua bikari kwenye umbali unaotaka, alafu ipeleke kwenye mizani ya pembeni, kushoto au kulia, karibu na usawa wa pale ulipopima, hesabu dakika. Mombasa iko karibu na 4°04′ kusini na Wete, Pemba iko karibu na 5°04′, digrii moja kamili, yani dakika 60, kwahiyo ni kama maili 60 za baharini. Hizo ni maili 69 za nchi kavu, au kilomita 111.

Onyo, usipime kwenye mizani ya juu au ya chini ya chati, ile ni longitudo na dakika zake zinapungua urefu kadri unavyoondoka ikweta. Tatizo ni kwamba huku kwetu tuko karibu na ikweta kwahiyo hilo kosa linajificha, pale Dar dakika ya longitudo inapungua chini ya asilimia moja tu, unaweza ukafanya hivyo miaka na usigundue. Ukipata kazi kwenye meli inayokwenda Durban kosa lile lile linakuwa karibu asilimia 13, na ukifika Southampton ni zaidi ya theluthi. Zoea mizani ya pembeni tangu sasa.

## Hatua ya 8: Seti vifaa vyote kipimo kimoja

Kubadili kila siku kichwani ni kujichosha. Chagua noti, seti kila kitu kwenye noti, basi.

Kwenye GPS nyingi, Garmin ikiwemo, ingia setingi, tafuta sehemu ya vipimo, iliyoandikwa Units. Utakuta maneno Nautical, Statute na Metric. Nautical ni noti na maili za baharini, Statute ni maili za nchi kavu, Metric ni kilomita. Chagua Nautical. Hakikisha umebadili spidi na umbali, maana kuna mashine ambazo kila kimoja kina sehemu yake na ukibadili kimoja umejitengenezea lile tatizo la hatua ya 7 kwa mikono yako.

Boti nyingi za mtumba kutoka Marekani zinakuja na saa ya spidi ya mshale iliyoandikwa MPH, nyingine zina mistari miwili, wa nje maili kwa saa na wa ndani noti. Huwezi kuibadili, kwahiyo andika pembeni kwa maka pen ni kipimo gani ili anayeshika usukani baada yako asidanganyike.

Jaribio: washa GPS na simu yenye apu ya spidi mkiwa mnatembea sehemu tulivu, simu iweke kwenye kilomita. Simu ikisema 37 na GPS ikisema 20, GPS iko kwenye noti. Ikisema 23, bado iko kwenye maili.

Na hili lisikuchanganye: GPS inapima spidi juu ya ardhi, sio ndani ya maji. Mkondo wetu wa pwani unakwenda kaskazini na wakati wa kusi unapata nguvu sana, kwahiyo ukielekea Tanga kutoka Dar GPS inakuonyesha namba kubwa na ukirudi inakuonyesha ndogo kwa mashine ile ile na mafuta yale yale. Huo ni mkondo, usirudi kwenye setingi kuhangaika na vipimo.

## Hatua ya 9: Andika jedwali ubandike

Chukua ile karatasi ngumu, andika hivi kwa maandishi makubwa, funika na plastiki au selotepu pana:

| Noti | Maili kwa saa | Kilomita kwa saa |
|---|---|---|
| 5 | 5.8 | 9.3 |
| 10 | 11.5 | 18.5 |
| 15 | 17.3 | 27.8 |
| 20 | 23.0 | 37.0 |
| 25 | 28.8 | 46.3 |
| 30 | 34.5 | 55.6 |
| 34 | 39.1 | 63.0 |
| 40 | 46.0 | 74.1 |
| 50 | 57.5 | 92.6 |
| 64 | 73.6 | 118.5 |

Nimeweka 34 na 64 makusudi kwa sababu ndo mipaka inayotajwa kwenye taarifa za dhoruba na vimbunga.

Wenye kompyuta wanaotaka jedwali refu, kwenye Excel au Google Sheets andika =CONVERT(A2,"mph","kn") na itageuza maili kuwa noti yenyewe, ukitaka kinyume badilisha nafasi za hizo mbili. Kuna kingine kinaitwa admkn, hicho usitumie, ni noti ya zamani ya Kiingereza yenye urefu tofauti kidogo.

## Ukisoma taarifa za kimbunga

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja upande wa Mafia watu walikuwa wanatumiana namba kutoka kila kona na hazifanani, na wengi walidhani kuna mtu anadanganya. Sababu ziko mbili.

Ya kwanza ni vipimo, hiyo umeshaijua. Kituo cha hali ya hewa cha kisiwa cha La Réunion ndicho chenye jukumu la vimbunga vya upande wetu wa bahari ya Hindi, na kwao kimbunga kamili kinaanza noti 64. Wamarekani kwa wananchi wao wanasema kategoria ya 1 inaanza maili 74 kwa saa. Geuza, ni kitu kimoja.

Ya pili haihusiani na kugeuza kabisa. La Réunion wanatoa wastani wa upepo wa dakika kumi, kituo cha jeshi la Marekani, JTWC, wanatoa wastani wa dakika moja. Wastani wa dakika moja unatoka mkubwa zaidi. Kwahiyo hata ukigeuza sahihi kabisa namba zao zinaweza kupishana, hapo usilazimishe zilingane. Kwa uamuzi wa kutoka au kutotoka fuata tahadhari ya mamlaka ya nchi yako.

## Kidogo kwa wa ndege

Wanafunzi wa urubani, hesabu ni ile ile ila hatari inakaa pengine. Cessna za zamani, zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1970, saa yake ya spidi mara nyingi inasoma maili kwa saa kama mstari mkuu. Ukizoea ndege ya noti alafu ukapanda hiyo, ukatua kwa mshale kuwa kwenye 70, unadhani una noti 70 kumbe una noti 61. Uko polepole kuliko unavyodhani wakati uko karibu na ardhi. Soma maandishi ya kwenye saa kabla ya kuwasha injini.

## Jipime

Fanya bila kalkuleta kwanza, alafu hakikisha nayo.

1. Apu inasema upepo maili 15 kwa saa. Noti ngapi?
2. GPS inasema noti 18. Maili ngapi kwa saa?
3. Tahadhari inasema kilomita 50 kwa saa. Noti ngapi?
4. Umbali maili 30 za baharini, saa ya boti inasoma maili 23 kwa saa. Utafika baada ya muda gani?
5. Rafiki anasema amegeuza maili 45 kwa saa akapata noti 51.8. Amekosea wapi?

Majibu: la kwanza ni 13. La pili 20.7. La tatu 27. La nne, maili 23 kwa saa ni noti 20, kwahiyo 30 gawanya kwa 20 ni saa moja na nusu, ukipata saa 1 na dakika 18 basi umegawanya 30 kwa 23 moja kwa moja, soma tena hatua ya 7. La tano, namba ya noti imetoka kubwa kuliko ya maili, jambo lisilowezekana, amezidisha kwa 1.15 badala ya kugawanya. Jibu lake sahihi ni 39.1.